Kwa nini chuma hupata kutu, na namna ya kuzuia

Anayesafiri kwa Barabara ya Morogoro kati ya Maili Moja na Mlandizi, wilayani Kibaha, au anayepanda vilima vya Pugu kuelekea mjini Kisarawe, hakosi kuona nyumba ambazo hazijakamilika. Kuta zimefika usawa wa lenta, nguzo zimesimama, na juu yake nondo zimechomoza zikingoja siku mwenye nyumba atakapopata fedha za kuendelea. Kungoja huko huweza kupitisha masika matatu au manne, na kwa muda wote huo nondo hizo huliwa na kutu.

Kutu hutokea pale chuma kinapoungana na oksijeni ya hewani mbele ya maji. Vyote viwili lazima viwepo. Jaribio linalojulikana na kila aliyesoma kemia ya sekondari huthibitisha hivyo: msumari uliowekwa katika hewa kavu haupati kutu, na uliozamishwa katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta nao hubaki salama, ule ulio katika maji yaliyo wazi ndio hubadilika rangi. Si lazima maji hayo yawe ya mvua, kwani umande na unyevu mwingi wa hewa ya Pwani hutosha.

Kinachotendeka ni mfano wa betri ndogo. Sehemu moja ya chuma huachia elektroni na kuyeyuka polepole, sehemu nyingine oksijeni huzipokea, na tone la maji hukamilisha mzunguko. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, ndiyo maana bati la nyumba iliyo ufukweni Kigamboni au Bagamoyo huchakaa mapema kuliko la Kisarawe.

Kwa asili, chuma hakikai peke yake. Mawe ya Liganga, wilayani Ludewa, yana chuma kilichoshikamana na oksijeni, na tanuru hutumia joto kali kuvitenganisha. Kutu ni safari ya kurudi huko. Alumini nayo huungana na oksijeni, lakini utando wake hung'ang'ania na kuziba njia. Kutu ya chuma hubanduka, ikaacha chuma kipya wazi kuliwa tena.

Ndani ya zege nzuri nondo huwa salama, kwa sababu saruji ina ukali wa chokaa unaojenga utando wa kinga juu ya chuma. Kinga hiyo huvunjika zege inapokuwa na matundu, inapochanganywa na mchanga wa baharini wenye chumvi, au nondo inapokuwa karibu mno na uso. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vinavyoinua nondo isigusane na ubao au udongo, si vya kudharauliwa. Katika msingi, nondo hutakiwa kufunikwa kwa zege isiyopungua sentimita 5.

Kwa nondo zilizoachwa wazi, baadhi ya mafundi hupaka oili chafu. Oili huzuia kutu kweli, lakini isiposafishwa yote zege mpya haitashika, hivyo dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Lililo bora ni kuzipaka uji mzito wa saruji, na kuurudia unapopasuka, au kuzifunika kwa zege hafifu itakayobomolewa baadaye. Kuzifunga kwa mfuko wa plastiki bila kupaka chochote hufungia unyevu ndani.

Mabati hulindwa kwa zinki, ambayo huliwa kwanza badala ya chuma, hata panapokuwa na mkwaruzo mdogo. Mnunuzi akumbuke kuwa bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Aidha, chembe za chuma zinazorushwa na grenda wakati wa kukata zifagiliwe siku hiyo hiyo, kwani kila chembe huanzisha doa la kutu juu ya paa. Mageti na madirisha hupigwa msasa hadi chuma king'ae, kisha rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya mafuta. Kupaka juu ya kutu ni kupoteza rangi.

Anayerejea kwenye ujenzi baada ya miaka asianze kwa kumwaga zege. Kutu nyepesi ya rangi ya machungwa haina madhara, na brashi ya waya huimaliza. Ile inayotoka kwa magamba na kuacha mashimo ni jambo jingine: nondo ya milimita 12 ikiliwa milimita 1 kila upande hubaki na milimita 10, na nguvu yake hupungua kwa takriban asilimia 30. Hapo zege ya nguzo huchimbwa hadi ipatikane nondo nzima, na nondo mpya hupishanishwa nayo kwa urefu wa mara 40 hadi 50 ya unene wake, yaani sentimita 48 hadi 60.