Kile kidude cheupe kwenye uwanja wa shule kinapima nini?

Kwenye baadhi ya shule nchini Kenya utakuta mlingoti mfupi uliozungushiwa uzio, juu yake kuna kidude cheupe. Hicho ni kituo cha hali ya hewa cha TAHMO, mradi wa wataalamu wawili wa maji: Nick van de Giesen wa Delft, Uholanzi, na John Selker wa Oregon, Marekani. Lengo lao ni vituo 20,000 Afrika kusini mwa Sahara, kimoja kila baada ya kilomita 30. Kwa sasa kuna mamia tu, katika nchi zaidi ya 20.

Kwa nini shuleni? Porini vifaa huibiwa. Shule ina uwanja wazi, mlinzi, na mwalimu wa jiografia anayeweza kutumia vipimo hivyo darasani.

Kituo hakina sehemu inayozunguka, kwa hiyo hakichakai haraka. Upepo hupimwa kwa mawimbi ya sauti, mvua kwa kuhesabu matone, na hata radi za karibu huhesabiwa. Paneli ndogo ya sola huchaji betri, halafu vipimo vinatumwa kwa laini ya simu.

Kuna pia kipimo cha jua. Saa sita mchana, anga likiwa safi, jua hufika karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Setilaiti nazo hukadiria jua, lakini vumbi, moshi na mawingu ya milimani huzichanganya. Kosa dogo tu kwenye mtambo mkubwa kama ule wa Garissa, wa megawati kama 50, ni umeme mwingi uliohesabiwa na usiopatikana. Kwa mkulima, kipimo cha jua kikiunganishwa na joto, unyevu na upepo kinaonyesha shamba limepoteza maji kiasi gani, yaani amwagilie leo au asubiri.

Shida kubwa ni usafi. Buibui wakijenga kwenye mdomo wa kipimo cha mvua, au ndege wakichafua, kituo kinaripoti ukame huku watu wamelowa. Vumbi nalo linapunguza jua kwenye rekodi. Kulinganisha kituo na majirani zake husaidia kugundua kosa, lakini majirani wenyewe wakiwa mbali, inabaki kubahatisha.

Kama shule yenu inacho, kifuteni kwa kitambaa laini chenye maji, msipande mti karibu, na tafadhali, msianike nguo kwenye ule uzio.