Haki ya Mtunzi wa Dansi katika Sheria ya Marekani

Mwenye kutunga shairi huacha karatasi, na mchongaji huacha mti. Bali mtunzi wa dansi huiacha kazi yake katika miili ya watu wengine. Kwa sababu hiyo haki yake ilichelewa kukubaliwa, kama historia ya Marekani ionyeshavyo.

Katika mwaka wa 1892, Loie Fuller alimshtaki mjini New York mchezaji mmoja aliyeiga dansi yake mashuhuri ya kuzungusha vazi pana chini ya taa. Maelezo ya dansi hiyo alikwisha yaandikisha. Hata hivyo hakimu aliamua kwamba dansi isiyosimulia kisa wala kuonyesha tabia ya mtu si tamthilia, na sheria ya siku zile ililinda tamthilia, haikutaja dansi. Basi waigaji wakaendelea bila ya kumlipa.

Miaka sitini ikapita. Katika mwaka wa 1952 Hanya Holm aliandikisha dansi alizozitungia mchezo wa Kiss Me, Kate, zikiwa zimeandikwa kwa alama za Rudolf Laban, zilizochapishwa kwanza mwaka 1928. Hapo ilidhihirika kuwa mwendo wa mwili waweza kuandikwa na kusomwa kama muziki. Sheria ya 1976, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1978, ndiyo iliyoitaja dansi kwa jina lake, kwa sharti kwamba iwe imehifadhiwa katika maandishi, filamu au namna nyingine.

Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kupata ujira ni jambo jingine. Waongozaji wa michezo na watunzi wa dansi waliunda chama chao mwaka 1959, ili wapatane kwa umoja na wenye kuandaa maonyesho. Tena, Martha Graham alipokwisha kufariki mwaka 1991, mrithi wake alishindana mahakamani na taasisi aliyoianzisha marehemu mwenyewe. Hukumu ya rufani ya 2004 ilisema kwamba dansi alizozitunga tangu 1966, alipokuwa mwajiriwa wa taasisi hiyo, kwa sehemu kubwa ni mali ya mwajiri.

Hivyo kalamu iliyomkosesha Loie Fuller haki yake haikutosha kumhifadhia Graham yake. Alama za Laban huonyesha dansi ilivyo. Dansi ni ya nani, na nani alipwe, huamuliwa na mkataba.