Robo Milimita: Historia ya Kurefusha Mfupa na Gharama ya Kupona

Kwa Mswahili, kupona ni kurudi. Aliyepona homa amerudi katika siha aliyokuwa nayo kabla ya homa, na aliyepona mguu uliovunjika amerudi katika mwendo wake wa zamani. Ndiyo sababu kisa cha mtu mwenye miguu mizima anayeingia hospitali kwa hiari yake, kwa fedha zake, kisha akatoka juu ya kiti cha magurudumu, kinaitatiza lugha yenyewe. Mtu huyo hakuwa mgonjwa. Mifupa yake imekatwa ili apate kurefuka sentimita tano, sita au saba, na kwa miezi mingi atauguza jeraha ambalo ndilo dawa aliyoitaka. Anapona kutoka wapi, na anarudi wapi? Jawabu halipatikani bila ya kuifuata historia ya upasuaji huo, historia ambayo haikuanza kwa ajili yake.

Katika mwaka 1905, Alessandro Codivilla, tabibu wa mifupa aliyeiongoza Taasisi ya Rizzoli mjini Bologna, Italia, alichapisha maelezo ya namna ya kuurefusha mguu uliofupika kwa maradhi au kwa kuvunjika. Njia yake ilikuwa ya nguvu. Mfupa ulikatwa, msumari ukapitishwa katika mfupa wa kisigino, na mguu ukavutwa kwa uzito mkubwa mgonjwa akiwa amelala kwa nusukaputi. Kisha ukafungwa plasta ngumu ili usirudi ulikotoka. Sentimita zilipatikana, lakini kwa bei ghali. Ngozi na mishipa ya fahamu iliumia, wako waliopatwa na degedege, na kifo hakikukosekana. Mrithi wake pale Bologna, Vittorio Putti, alieleza mwaka 1921 chombo cha kulivuta fupaja taratibu zaidi. Baadaye, huko Ujerumani, Heinz Wagner alitengeneza chombo kilichomwezesha mgonjwa kuinuka kitandani wakati mguu ukivutwa. Lakini pengo lililobaki katikati ya mfupa aghalabu lilijazwa kwa vipande vya mfupa kutoka nyongani na kushikizwa kwa bamba la chuma, yaani mgonjwa alirudi tena chini ya kisu. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mfupa ni kama boriti: ukikatwa na kutenganishwa, mwanadamu ndiye wa kuujaza.

Imani hiyo haikuvunjwa katika miji mikuu ya elimu. Ilivunjwa Siberia ya Magharibi, na mtu aliyepelekwa huko kwa amri ya kazi. Gavriil Abramovich Ilizarov alizaliwa mwaka 1921 katika familia masikini ya Kiyahudi, akakulia Azerbaijan katika milima ya Kaukasi. Alisomea utabibu katika chuo cha Krimea, ambacho vita vilikihamishia Kazakhstan, akahitimu mwaka 1944. Alipangiwa kijiji cha Dolgovka katika mkoa wa Kurgan, akawa tabibu wa kila jambo katika eneo pana lenye baridi kali na barabara mbovu. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeacha nyuma maelfu ya wanaume ambao mifupa yao haikuunga, au iliunga vibaya, au ilikuwa ikitoa usaha mwaka hadi mwaka. Plasta haikuwafaa. Mguu uliofungwa kwa miezi ulikauka misuli, viungo vikakakamaa, na mfupa ukabaki vilevile.

Mwaka 1951 Ilizarov alikwisha kubuni chombo chake. Kilikuwa pete za chuma zinazouzunguka mguu, zikiunganishwa kwa vyuma vyenye parafujo. Kutoka katika kila pete, nyaya nyembamba zilizokazwa kama nyuzi za gambusi zilipita katika ngozi na mfupa, zikatokea upande wa pili. Mfupa uliovunjika ulining'inia katikati ya pete, umeshikwa imara lakini haukunyimwa mtikisiko mdogo wa kila hatua. Mgonjwa aliweza kusimama na kutembea, na kutembea kwenyewe kukawa sehemu ya tiba.

Inasimuliwa kwamba ugunduzi mkubwa zaidi ulitokana na kosa. Mgonjwa mmoja aliagizwa kuzikaza nati ili ncha mbili za mfupa zisogeleane, naye akazizungusha kinyume, zikaachana. Picha ya eksirei ilipotazamwa, katika pengo palionekana kivuli cha mfupa mpya. Iwe kisa hiki kilitokea hivyo au kilipambwa na wasimuliaji, lililo hakika ni kwamba Ilizarov alilifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi, wakiwemo mbwa wa majaribio, mpaka akalipatia kanuni. Mfupa ukikatwa kwa uangalifu bila ya kuharibu damu yake, ukaachwa siku kadhaa uanze kuunga, kisha ncha zake zikaachanishwa polepole, mwili hujaza pengo hilo kwa mfupa wake wenyewe. Ukivutwa nusu milimita kwa siku, huwahi kukomaa na kuufunga mlango kabla ya wakati. Ukivutwa milimita mbili, nyama, mishipa na mfupa mchanga hushindwa kufuata. Kipimo cha kati ni milimita moja kwa siku, nayo haitolewi mara moja bali kwa mafungu manne: robo asubuhi, robo adhuhuri, robo jioni, robo usiku. Haba na haba hujaza kibaba; lakini hapa kibaba kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeumia.

Kwa muda mrefu wakubwa wa Moscow walimtazama tabibu huyu wa mkoani kama fundi wa vyuma tu. Aliyewabadilisha mawazo hakuwa profesa bali mrukaji. Valery Brumel alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mjini Tokyo mwaka 1964, na mwaka mmoja kabla yake aliweka rekodi ya dunia ya mita 2.28. Mwaka 1965 alivunjika vibaya mguu wa kulia katika ajali ya pikipiki. Alipasuliwa mara nyingi na mguu haukuunga. Mwaka 1968 alikwenda Kurgan; mfupa ukaunga, urefu ukarejea, na Brumel akaruka tena zaidi ya mita mbili. Hakuipata tena rekodi yake, lakini jina la Kurgan lilivuma katika Urusi nzima. Mwaka 1971 kazi ya Ilizarov ilipewa taasisi yake yenyewe.

Kuvuka mpaka wa Ulaya Magharibi kulimhitaji mtu mwingine. Carlo Mauri alikuwa mpanda milima wa Kiitalia aliyefika kilele cha Gasherbrum IV mwaka 1958 pamoja na Walter Bonatti, na baharia katika safari za Thor Heyerdahl za mashua ya mafunjo iliyoitwa Ra. Mguu wake ulivunjika katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji, ukamwacha akichechemea kwa karibu miaka 20. Mwaka 1980 alitibiwa Kurgan, akarudi kwao Lecco akitembea sawasawa, na matabibu waliomfahamu wakastaajabu. Mwaka 1981 Ilizarov alialikwa Bellagio, kando ya ziwa la Como, kuwahutubia matabibu wa Italia. Kutoka hapo elimu yake ilienea Ulaya, kisha Amerika ya Kaskazini. Alipofariki mwaka 1992, pete zake zilikuwa zikitumika duniani kote kwa watoto waliozaliwa na mguu mmoja mfupi, kwa waliopoteza kipande cha mfupa katika ajali, na kwa watu wenye ufupi mkubwa wa kuzaliwa ambao huona taabu hata kukifikia kitasa cha mlango.

Lakini elimu haichagui mteja. Kinachoweza kuurefusha mguu mmoja ili ulingane na wa pili kinaweza pia kuirefusha miguu miwili iliyokwisha kulingana. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, upasuaji huu kwa ajili ya umbo ulishamiri katika nchi kadhaa, na Uchina ni mfano ulio wazi. Huko matangazo ya kazi yalitaja hadharani kimo kinachotakiwa, na baadhi ya vyuo na idara za serikali ziliweka kipimo chake. Kijana aliyepungukiwa sentimita tatu alijiona amefungiwa mlango na rula. Hospitali zisizo na ujuzi wa kutosha zikaingia katika biashara hiyo, na wakatokea watu waliobaki na mifupa isiyounga, nyayo zilizopinda na miguu isiyolingana. Mwaka 2006 Wizara ya Afya ya Uchina iliupiga marufuku upasuaji huo kwa ajili ya umbo peke yake, ikauacha kwa wenye sababu za kitabibu. Marufuku hayo yaligusa kisu. Matangazo ya kazi ni jambo jingine.

Hapa ndipo suala la kupona linapodhihirika. Upasuaji wenyewe ni wa saa chache. Kupona ni kwa miezi, na sehemu kubwa ya kazi humwangukia mpasuliwa. Kwa muda wa siku tano hadi kumi baada ya kukatwa, mfupa huachwa utulie. Kisha huanza zamu nne za kila siku za kuzungusha nati. Anayetaka sentimita sita ana siku 60 za kuvutwa, na hizo ni mwanzo tu. Mfupa mpya unaopatikana ni laini. Huonekana katika eksirei kama ukungu, na unahitaji muda mrefu zaidi ya ule wa kuvutwa ili ugumu na kubeba mwili. Kwa hesabu ya kawaida ya matabibu, kila sentimita hudai mwezi mmoja au zaidi ndani ya pete.

Katika miezi hiyo, kila tundu ambamo waya umepenya ngozi ni mlango wa vijidudu. Husafishwa kila mara, na hata hivyo aghalabu baadhi yake huwasha, huvimba na kutoa usaha. Usingizi huwa haba, kwa kuwa mwenye pete za chuma miguuni hana namna ya kujigeuza apendavyo. Na zaidi ya yote, misuli na kano hazina ukarimu wa mfupa. Mfupa hujiongeza, msuli huvutika kwa shingo upande. Kano ya kisigino hukaza, unyayo ukaanza kuelekea chini kama wa mtu anayesimama kwa ncha za vidole. Kurefushwa kwa paja hulifanya goti likatae kukunjika. Dawa yake ni mazoezi ya viungo ya kila siku, saa baada ya saa, na mwenye kuyadharau huweza kupata urefu akapoteza mwendo. Mishipa ya fahamu nayo hutoa onyo kwa ganzi na mwako, na tabibu mwenye busara hupunguza mwendo wa nati au huusimamisha kabisa.

Iko tofauti moja isiyotajwa sana. Brumel na Mauri walikuwa na mguu mmoja mzima wa kuuegemea. Anayerefushwa kwa ajili ya kimo hukatwa miguu yote miwili, naye hana pa kujiegemeza ila magongo na watu. Kwenda msalani, kuoga, kuteremka ngazi, yote huhitaji mkono wa mwingine. Kwa hiyo gharama haiandikwi yote katika hati ya hospitali. Nyingine hulipwa na mama, mke au ndugu anayeacha shughuli zake.

Ufundi umeendelea kuipunguza adha hiyo. Tangu mwishoni mwa karne ya 20, matabibu wa Ufaransa na Ujerumani walitumia misumari inayojirefusha, inayotiwa ndani ya uboho wa mfupa, bila ya pete wala matundu ya nyaya. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha msumari unaorefushwa kwa sumaku: mgonjwa huweka chombo juu ya ngozi, na gia zilizo ndani ya mfupa huzunguka. Usaha umepungua na makovu yamekuwa madogo. Lakini sumaku haikubadilisha kanuni ya Kurgan. Milimita ni ileile, misuli ni ileile, na mfupa mchanga bado hauwezi kubebeshwa uzito kabla ya wakati wake. Mwaka 2021 msumari mmoja wa chuma cha pua, uliotengenezwa ili mgonjwa aweze kuukanyagia mapema, uliondolewa sokoni baada ya dalili za kutu na mabadiliko ya mfupa kuonekana kwa baadhi ya waliowekewa.

Ni rahisi kumcheka anayejitia katika taabu hiyo kwa ajili ya sentimita sita, na kicheko hicho si haki. Hakuianzisha yeye rula iliyompima. Aliikuta katika tangazo la kazi, katika maneno ya wachumba na katika mizaha ya shuleni, naye akachagua kuubadilisha mwili kwa kuwa mwili ndio pekee uliokuwa mikononi mwake. Lakini si haki pia kumwambia kwamba anakwenda kupona. Ilizarov aliitafuta njia ya kuwarudisha watu: askari arudi shambani, mrukaji arudi uwanjani, mpanda milima arudi mlimani. Mwenye miguu mizima hana pa kurudishwa. Anakwenda mahali asipopajua, na akifika huko atakuta mikono yake ni ileile, kiwiliwili ni kilekile, na watu ni walewale wenye rula.

Neno kupona, hata hivyo, lina maana ya pili katika Kiswahili: kunusurika. Aliyepona chomboni kilipozama hakurudi mzima kama alivyotoka. Alifika pwani, basi. Pengine hiyo ndiyo maana inayomstahiki mtu huyu siku anapotolewa chuma cha mwisho na kuambiwa asimame bila ya magongo. Anasimama juu akiwa na urefu alioununua, magoti yakitetemeka, na kabla ya kuutazama ulimwengu kutoka kimo hicho, inamlazimu kwanza ajifunze kupiga hatua.