Kiambo, Wakfu na Hati

Sisi wa Kusini Unguja tulirithi ardhi kabla ya kurithi hati. Wazee wetu waliishi kwa viambo: jamaa wa ukoo, nyumba zao, miti yao na makaburi yao mahali pamoja. Kiambo hakikuuzwa kwa mgeni. Nje yake palikuwa na uwanda wa maweni. Mwanakijiji aliomba sehemu, akafyeka, akalima mtama au muhogo, na ardhi ikichoka akaiacha ipumzike. Mnazi ulikuwa wa aliyeupanda, ardhi ikabaki ya wote. Mambo ya mji yalisimamiwa na wazee tuliowaita Watu Wanne.

Mji Mkongwe nao ulikuwa na wakfu. Mtu alitoa nyumba au shamba, na tangu hapo halikuuzwa wala halikurithiwa. Kodi yake ilitengeneza msikiti au ilisaidia jamaa na mafukara. Tangu 1905 ipo Kamisheni ya kusimamia mali hizo, na hadi leo nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu. Tofauti ni moja: wakfu uliandikwa, kiambo kilikaa vichwani mwa wazee.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa ya Serikali. Mwaka 1965 Mzee Karume akaanza kugawa eka tatu tatu, na katika miaka iliyofuata vikatolewa viwanja zaidi ya 20,000. Mgao huo uliangukia zaidi mashamba ya mikarafuu na minazi, kwenye udongo mzuri. Kwetu kwenye mawe, desturi iliendelea. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1992 ikaweka haki ya matumizi ya ardhi, inayotolewa kwa hati.

Utalii ulipofika pwani yetu, aliyejua mpaka kwa mnazi na jiwe akakutana na aliyekuja na ramani. Mnaporudi kwa Mwaka Kogwa mnajionea wenyewe njia za pwani zilivyosongwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo mchango wa mwaka huu ni wa kupima na kusajili maeneo ya pamoja yaliyobaki: makaburi, kiwanja cha skuli, diko na njia ya kushukia pwani. Wazee walitugawia bila kalamu. Tuwaachie wajukuu mgao ulioandikwa.