Mjue Amanda Vincent, mwanamama aliyewahesabu farasi bahari

Leo naandika juu ya samaki ambaye wengi wetu wa huku Narung'ombe hatujawahi kumwona akiwa hai. Mimi nimekulia kwenye mikorosho na ufuta, bahari nimeiona mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, mjomba aliponichukua kwenda Lindi. Uani kwa mchuuzi mmoja palikuwa na jamvi la majongoo bahari yameanikwa, na pembeni kuna rundo la vidude vikavu: kichwa cha farasi, mkia umejikunja kama wa kinyonga. Nikauliza ni nini. "Farasi bahari hao, Wachina wanafanyia dawa," mjomba akasema. Nikapewa kazi ya kuwafunga kumi kumi kwa uzi. Wengine walikuwa na tumbo limevimba, mjomba akanieleza kuwa hao ni majike wenye mayai. Malipo yangu yalikuwa soda moja. Niliwafunga wangapi? Sijui. Hakuna aliyeandika popote.

Miaka imepita, siku moja niko kafe Ruangwa mjini nasubiri ukurasa mwingine ufunguke, nikakutana na jina la Amanda Vincent. Huyu ni mwanasayansi wa Kanada ambaye ametumia maisha yake yote ya kazi kwa hawa hawa niliokuwa nawafunga uzi.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Ndiyo, ni samaki, ana mashavu ya kupumulia na mapezi, ila hana magamba. Mwili umevikwa mabamba ya mfupa chini ya ngozi ndiyo maana akikauka anabaki na umbo lake. Kuogelea hawezi sana. Anashika majani ya bahari kwa mkia, anasubiri vidudu vipite, anavifyonza kwa mdomo mrefu kama mrija. Tumbo la kuhifadhi chakula hana, kwa hiyo anakula kutwa nzima. Macho yake kila moja linaangalia kwake. Duniani kuna aina zaidi ya 40, na mmoja wa kwetu anaitwa kisayansi Hippocampus camelopardalis, yaani farasi bahari twiga, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1854 kutokana na vielelezo vya Msumbiji.

Sasa hapa ndipo nilipochoka. Mwenye mimba ni dume! Jike anaweka mayai kwenye mfuko ulioko tumboni kwa dume, yanarutubishwa humo humo, dume anayalea wiki mbili mpaka nne, kisha anasukuma nje watoto mamia kwa mkupuo. Kwa hiyo yale matumbo ya Lindi hayakuwa ya majike. Nilimpigia mjomba kumweleza, akacheka mpaka salio likaisha. Halafu akapiga yeye na kuniuliza, kwani kila mmoja alikuwa na watoto wangapi?

Vincent alipata shahada yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1990, na kwake neno uzamivu lilikuwa na maana mbili, maana alizamia kweli. Kabla yake farasi bahari walichunguzwa zaidi kwenye matangi ya kioo. Yeye anatajwa kuwa mwanasayansi wa kwanza kuwasoma wakiwa kwao, chini ya maji. Huko Sydney, Australia, alikaa anawatazama jozi kwa jozi na kuona kuwa dume na jike wa aina ile hukutana kila asubuhi, wanabadili rangi, wanacheza pamoja, kisha kila mmoja anashika njia yake mpaka kesho. Ukimvua mmoja wa jozi kama hiyo, unakuwa umekatiza uzazi wa wote wawili kwa muda.

Wengine wangeishia hapo, waandike vitabu vyao na kustaafu. Yeye akagundua kuwa samaki anaowasoma wanauzwa kwa magunia na hakuna mwenye hesabu. Akaanza kuzunguka Asia, kwenye madiko, kwa wachuuzi, kwenye maduka ya dawa za jadi za Kichina. Ripoti yake ya mwaka 1996 ilionyesha kuwa mwaka 1995 peke yake waliuzwa farasi bahari wasiopungua milioni 20, na nchi zaidi ya 30 zilihusika. Mwaka huo huo wa 1996 yeye na mwenzake Heather Koldewey wakaanzisha Project Seahorse.

Na sisi tumo. Mwaka 2000 walifanya uchunguzi wa biashara hii Kenya na Tanzania, matokeo yakachapishwa mwaka 2004 na Jana McPherson pamoja na Vincent. Kwa Kenya biashara ilionekana ndogo. Waliokuwa wakisafirisha nje kwa wingi ni Tanzania. Niliposoma hapo nikakumbuka ule uzi.

Novemba 2002, kwenye mkutano wa Santiago, Chile, nchi wanachama wa CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilipiga kura kuwaweka farasi bahari wote kwenye Kiambatisho cha Pili. Utekelezaji ukaanza Mei 2004. Maana yake si marufuku. Nchi inaruhusiwa kuuza nje kwa kibali, ikithibitisha kuwa biashara hiyo haimalizi samaki baharini. Pendekezo lilitolewa pia kuwa walio chini ya sentimita 10 wasiuzwe, ili kila mmoja azae walau mara moja kabla ya kukamatwa.

Lakini jamani, tusishangilie haraka. Ufilipino, ambako Vincent amefanya kazi miaka mingi na wavuvi wa kijiji cha Handumon, sheria yao ya uvuvi ilikuwa inakataza kabisa kuvua kiumbe chochote kilichomo kwenye orodha za CITES. Kwa hiyo kibali kikageuka marufuku. Watu waliokuwa wakizamia usiku na taa kutafuta ada ya shule wakaamka wahalifu, na bado uvuvi haukuisha, ulijificha tu. Ninavyoona mimi, kilichosaidia zaidi kule ni kitu kingine: wavuvi wenyewe kutenga sehemu zisizovuliwa. Handumon walianza mwaka 1995 na sehemu moja, na eneo lile likaja kuwa na hifadhi ndogo za vijiji zaidi ya 30.

Jambo lingine ni kwamba wengi hawavuliwi kwa kukusudia. Utafiti uliotoka mwaka 2017, ambao Vincent alishiriki, ulikadiria farasi bahari wapatao milioni 37 kwa mwaka katika nchi 21 wanaonaswa kwenye nyavu zilizokuwa zinatafuta kamba na samaki wengine. Zinazoongoza ni meli zinazokokota nyavu chini ya bahari. Kwetu lipo kokoro, ambalo kanuni za uvuvi zinalikataza, nalo linapita humo humo kwenye majani ya bahari wanakoishi. Ukimkamata mchuuzi na kuliacha kokoro, umefanya nusu ya kazi.

Mwaka 2020 Vincent alipewa tuzo ya Indianapolis, dola 250,000, akiwa wa kwanza kuipata kwa kazi ya uhifadhi wa baharini. Ni profesa wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver.

Kwa kijana wa huku anayeuliza haya yanaanzia wapi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Hifadhi ya bahari iliyo jirani na sisi ni ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, Mtwara, iliyoanzishwa mwaka 2000. Na ukimwona farasi bahari, hai au mkavu sokoni, tangu 2013 kuna iSeahorse, ambako mtu yeyote anaweza kutuma picha, mahali na tarehe. Hailipiwi, ni dakika zako za kafe tu.

Wadau wa Lindi, Kilwa na Mikindani, nyie mko karibu na maji. Huko kwenu anaitwaje, na mara ya mwisho kumwona ilikuwa lini? Andikeni hapo chini, na mwaka mtaje.