Moto wa London wa 1666 na Chimbuko la Bima ya Nyumba

Kabla ya mwaka 1666, mmiliki wa nyumba za kupangisha jijini London hakuwa na chombo cha kumfidia mali yake ilipoteketea. Sehemu kubwa ya jiji ilikuwa ya mbao, na maghorofa ya juu yalichomoza juu ya vichochoro hata yakakaribia kugusana; aliyeunguliwa alitegemea akiba yake mwenyewe, au sadaka zilizochangwa makanisani kwa idhini ya mfalme. Moto uliozuka tarehe 2 Septemba mwaka huo katika duka la mwoka mikate Thomas Farriner, kwenye mtaa wa Pudding Lane, uliangamiza kwa muda wa siku nne nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 ya parokia, na kudhihirisha udhaifu wa utaratibu huo.

Swali la kwanza lilikuwa la kisheria. Mikataba mingi ya upangaji wa muda mrefu ilimbana mpangaji aikarabati nyumba na kuendelea kulipa kodi hata baada ya nyumba kugeuka majivu, sharti ambalo wengi hawakuweza kulitimiza, na hivyo viwanja vikabaki magofu. Bunge likaunda Mahakama ya Moto, ambayo majaji wake walikuwa na uwezo wa kupunguza kodi, kurefusha mkataba au kuuvunja, ili yule aliyekuwa tayari kujenga apate sababu ya kufanya hivyo. Hasara ikagawanywa kati ya mwenye kiwanja na mpangaji, badala ya kumwangukia mmoja.

Hatua ya pili ilihusu ujenzi wenyewe. Sheria ya mwaka 1667 iliagiza kuta za nje ziwe za matofali au mawe, ikaweka unene wake, na kuzipanga nyumba katika madaraja kulingana na upana wa barabara. Hata hivyo sheria hiyo ilihusu eneo la jiji la kale peke yake, na mwaka 1676 moto mwingine uliteketeza mamia ya nyumba huko Southwark, ng'ambo ya Mto Thames.

Hatua ya tatu ilitoka kwa mwekezaji. Nicholas Barbon, tabibu aliyegeukia biashara ya kununua viwanja, kuvikata na kuvijenga, alifungua na wenzake mwaka 1680 ofisi ya bima ya moto, yaani mpango ambao wenye nyumba wengi huchangia ada ndogo ili wachache watakaopatwa na janga walipwe. Ada ilikuwa asilimia 2.5 ya kodi ya mwaka kwa nyumba ya matofali na asilimia 5 kwa nyumba ya mbao; hivyo nyumba ya matofali iliyopangishwa kwa pauni 40 kwa mwaka ililipiwa pauni 1, na ya mbao pauni 2. Tofauti hiyo ilimfanya mmiliki aione hatari katika hesabu zake kila mwaka, hata pale ambapo sheria ya ujenzi haikumfikia.

Kampuni zilizofuata, kama Hand in Hand ya mwaka 1696 na Sun ya mwaka 1710, ziliajiri wapiga makasia wa Mto Thames kuwa wazimamoto, na kubandika ukutani mwa nyumba zilizokatiwa bima bamba la risasi lenye nembo ya kampuni. Sheria za 1707 na 1709 ziliongeza masharti: ukuta unaotenganisha nyumba mbili upandishwe juu ya paa, na fremu za mbao za madirisha zirudishwe ndani ya ukuta, ili miali isirukie jirani.

Bima peke yake ingelipa hasara bila kuizuia, na matofali peke yake yasingemrudishia mtu mtaji uliokwisha kuungua. Nguvu ya mfumo wa London ilitokana na kuunganishwa kwa mkataba wa haki, ujenzi imara na mfuko wa pamoja, na mwekezaji wa leo anayeshika kimoja na kuacha viwili bado hajajiandaa kwa janga.