Kigogota Mbele ya Kamera

Fungueni ukurasa huu, msome polepole pamoja nami. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ndege na picha zake. Tutaona jinsi watu wa Amerika ya Kaskazini walivyoacha kumwendea ndege na bunduki, wakamwendea na kamera. Tena tutajiuliza swali moja: je, picha yaweza kumwokoa ndege?

Ndege wetu wa leo ni kigogota. Wengine humwita gogota au kigong'ota. Ndiye yule agongaye mti kwa mdomo wake, ko-ko-ko, akitafuta wadudu. Huko Kanada na Marekani yuko kigogota mmoja mdogo sana, mweusi na mweupe. Uzito wake haufiki gramu 30. Dume ana doa jekundu kisogoni.

Wakati wa baridi theluji hufunika nchi, na ndege wengi hukimbilia kusini kwenye joto. Kigogota huyu hubaki. Basi watu humtundikia kipande cha shahamu ya ng'ombe uani, naye huja kula. Mwenye nyumba hukaa dirishani na kamera yake, akingoja. Theluji nyeupe, ndege mweusi na mweupe, doa moja jekundu: picha kama hiyo hutundikwa ukutani kwa uzuri wake, sawasawa na picha iliyochorwa kwa rangi.

Lakini haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani, mtu aliyetaka picha ya ndege alimwua kwanza. Mchoraji mmoja hodari aliitwa John James Audubon. Alizaliwa mwaka 1785, akafa mwaka 1851. Yeye alimpiga ndege risasi, akamfunga kwa nyaya juu ya ubao ili akae kama aliye hai, kisha akamchora. Picha zake zilipigwa chapa tangu mwaka 1827 hata mwaka 1838. Zilikuwa 435, na urefu wa kila ukurasa ulikaribia mita moja. Ukizitazama, utadhani ndege wale wataruka sasa hivi. Kumbe walikuwa wamekufa.

Wengine waliua ndege kwa ajili ya mapambo. Mwaka 1886 mtaalamu wa ndege, Frank Chapman, alitembea katika mitaa ya New York akihesabu kofia za wanawake. Alihesabu kofia 700. Katika hizo, 542 zilipambwa kwa manyoya ya ndege, na nyingine kwa ndege mzima aliyekaushwa. Tena ilikuwako desturi ya kushindana siku ya Krismasi. Watu waligawanyika makundi mawili, wakaenda kuwinda, na kundi lililoua ndege na wanyama wengi zaidi ndilo lililoshinda.

Mwaka 1900 Chapman akatoa shauri jipya. Alisema, siku ya Krismasi tutoke, lakini tuhesabu ndege walio hai. Mwaka ule walitoka watu 27 tu, katika mahali 25. Hesabu hiyo haikufa. Hufanywa kila mwaka hata leo, na watu wake sasa ni maelfu mengi. Mwaka 1918 Marekani ikatunga sheria ya kuwalinda ndege wengi wa porini, vigogota wakiwamo.

Na kamera je? Kamera za kwanza zilikuwa nzito, na picha zilipigwa juu ya bamba la kioo. Ndege akitikisika, picha iliharibika. Uingereza walikuwako ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton. Mwaka 1895 walitoa kitabu cha viota vya ndege chenye picha za kamera. Ili wasiwatishe ndege, walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi ya ng'ombe, mpiga picha akajificha tumboni mwake! Katika miaka ya 1930 Mmarekani Harold Edgerton alitengeneza taa ya umeme iwakayo kwa nukta ndogo mno, kufumba na kufumbua ni kurefu kuliko hiyo. Taa za namna hiyo zilimwezesha mpiga picha kumnasa hata ndege apigaye mbawa kwa kasi.

Sasa sikilizeni habari ya kusikitisha. Marekani alikuwako kigogota mwingine, mkubwa, urefu wake kama nusu mita, mdomo wake mweupe kama pembe ya ndovu. Chakula chake kilikuwa mabuu ya wadudu walio chini ya magome ya miti mikubwa iliyokufa karibuni. Mwaka 1935 Arthur Allen na wenzake walikwenda msituni Louisiana, wakampiga picha na kunasa sauti yake. Msitu ule ulikuwa mali ya kampuni ya Singer, ile ya cherehani mnazozijua. Haki ya kukata miti ikauzwa kwa wapasuaji mbao, na miti ikaanguka mmoja baada ya mmoja. Mwaka 1944 mchoraji Don Eckelberry alikwenda kumchora jike mmoja aliyebaki. Tangu hapo wako watu waliosema wamemwona, lakini hakuna picha iliyowaridhisha wataalamu wote.

Basi jibu la swali letu ni hili. Kigogota mkubwa alipigwa picha nzuri, sauti yake ikahifadhiwa, naye akatoweka, kwa sababu miti yake ilikatwa. Kigogota mdogo yu hai, kwa maana huweza kuishi hata katika miti ya mashamba na ya bustani za mjini. Picha hutufundisha kumpenda ndege bila kumwua, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ndege hali picha, wala hajengi kiota ndani ya picha. Ampendaye ndege na amwachie mti.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Audubon alimfanya nini ndege kabla ya kumchora?
2. Chapman alitoa shauri gani mwaka 1900?
3. Kwa nini kigogota mkubwa alitoweka, na mdogo akabaki?
4. Katika kijiji chenu, ni ndege gani wanaohitaji miti mikubwa? Andikeni majina yao matatu.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.